Alexander Graham Bell: Aliyesema kwa Mwali wa Jua

Mzee aliyewahi kushuka machimboni Kilembe akiulizwa shaba yote ile ilikwenda wapi, hujibu kwamba ilipakiwa kwenye garimoshi ikaenda zake. Jibu hilo ni la kweli, ingawa haliifikishi shaba mwisho wa safari yake. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na tangu hapo hadi mapema miaka ya 1980 mali iliyochimbwa katika bonde la mto Nyamwamba ilipelekwa Jinja, ikayeyushwa kwa nguvu ya umeme wa bwawa la Owen Falls, kisha ikateremshwa Mombasa na kuvuka bahari. Zilitoka kwa njia hiyo tani zaidi ya 250,000 za shaba. Huko ng'ambo shaba huvutwa ikawa waya, na dunia ya karne iliyopita ilikuwa na njaa ya waya isiyoshiba, kwa ajili ya mambo mawili makubwa: umeme wa majumbani na viwandani, na simu.

Kwa hiyo huenda mchimbaji wa Kilembe hakupata kulisikia jina la Alexander Graham Bell, lakini kwa namna fulani alifanya kazi katika shamba lililolimwa na mtu huyo. Leo tunawaletea wasomaji wetu maisha yake. Hatufanyi hivyo kwa ajili ya simu peke yake, maana habari ya simu kila mtoto wa shule anaijua. Tunafanya hivyo kwa ajili ya chombo kingine alichokibuni, ambacho yeye mwenyewe alikiweka juu ya simu kwa thamani, ambacho kilimshinda maishani mwake, na ambacho wajukuu zake wamechomekwa leo katika mitambo ya mawasiliano kutoka Mombasa hadi Kasese.

Bell alizaliwa tarehe 3 Machi, 1847 katika mji wa Edinburgh, nchini Scotland. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya sauti. Babu yake alikuwa mwalimu wa matamshi, na baba yake, Alexander Melville Bell, alitunga maandishi ya alama zilizoonyesha jinsi ulimi, midomo na koo vinavyokaa wakati wa kutamka kila sauti ya binadamu, iwe ya lugha yoyote. Mama yake, Eliza, alikuwa mgumu wa kusikia. Kijana Alexander alijifunza kumsemesha kwa kuweka mdomo karibu na paji la uso wa mama na kunena kwa sauti nzito ya chini, ili mtetemo wa maneno upite mfupani. Watu wengine wa nyumbani walitumia pembe ya kusikilizia. Tunaona kwamba jambo hili dogo ndilo ufunguo wa maisha yake yote: mapema sana alijua kwamba sauti ni mtikisiko, na kwamba mtikisiko unaweza kubebwa na kitu kingine kisichokuwa hewa.

Wakiwa bado vijana, yeye na kaka yake walitengeneza kichwa cha bandia chenye koo na midomo, wakakipulizia hewa hadi kikatoa sauti kama ya mtoto anayemwita mama yake. Baadaye alisoma kitabu cha mtaalamu wa Kijerumani, Helmholtz, kilichoeleza jinsi ya kutoa sauti za irabu kwa umeme. Kijerumani chake kilikuwa hafifu, naye akaelewa kwamba Mjerumani huyo amekwisha kuzisafirisha irabu hizo kwa waya. Haikuwa hivyo hata kidogo. Lakini kosa hilo la kusoma lilimtia moyo kuliko usomaji sahihi, kwa kuwa mtu anayeamini kwamba jambo limekwisha kufanyika haogopi kulijaribu.

Kisha msiba uliingia nyumbani. Mdogo wake, Edward, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1867, na kaka yake, Melville, akafariki kwa ugonjwa huo huo mwaka 1870. Wazazi waliokuwa na wana watatu wakabakiwa na mmoja, naye afya yake ilikuwa ya mashaka. Mwaka huo huo wa 1870 wakafunga mizigo, wakavuka Atlantiki na kuhamia Brantford, nchini Kanada, wakitafuta hewa safi. Ni vema kukumbuka hapa kwamba machimbo ya Kilembe nayo yalifunguliwa kwa mtaji kutoka nchi hiyo hiyo ya Kanada, ingawa ilikuwa miongo mingi baadaye na haikuwa na uhusiano wowote na familia ya Bell.

Kutoka Kanada alikwenda Boston, Marekani, mwaka 1871, kuwafundisha viziwi kusema kwa kutumia alama za baba yake. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Uvumbuzi ulikuwa kazi ya usiku. Baba wa wanafunzi wake wawili, Thomas Sanders na Gardiner Hubbard, wakamkopesha fedha za majaribio. Binti wa huyo wa pili, Mabel, aliyepoteza kusikia akiwa mtoto mdogo kutokana na homa, ndiye aliyekuja kuwa mke wake mwaka 1877. Siku ya harusi Bell alimkabidhi mkewe karibu hisa zake zote katika kampuni ya simu, akajibakizia kumi tu.

Habari ya simu tutaipitia kwa haraka. Bell aliandikisha ombi la hataza tarehe 14 Februari, 1876, siku ile ile ambayo mvumbuzi mwingine, Elisha Gray, aliwasilisha taarifa yake ya chombo kinachofanana. Hataza ikatolewa kwa Bell tarehe 7 Machi, na siku tatu baadaye msaidizi wake, Thomas Watson, akiwa chumba cha pili, alisikia ndani ya waya tajiri yake akimwita aje. Katika maonyesho makubwa ya Philadelphia mwezi Juni mwaka ule, Mfalme wa Brazil alikiweka chombo hicho sikioni akastaajabu mbele ya watu wote. Kesi zilizofuata zilikuwa mamia, zikafika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1888 ilimpa Bell ushindi kwa tofauti ya kura moja. Waya za shaba zikaanza kutambaa juu ya miji.

Mwaka 1880 serikali ya Ufaransa ilimtunukia Bell zawadi ya Volta, faranga 50,000. Mtu mwingine angejenga jumba. Yeye aliitia fedha hiyo katika kazi ya maabara mjini Washington. Alikuwa amekwisha kumwajiri fundi hodari wa vyombo aitwaye Charles Sumner Tainter, na wawili hao walikuwa wakishughulikia wazo ambalo wengi waliliona kuwa ni ndoto ya mchana: kuiondoa simu katika waya kabisa, na kuyabebesha maneno mwanga.

Hapa inatupasa kueleza jambo kidogo. Kupeleka habari kwa mwanga halikuwa jambo geni. Majeshi ya zama hizo yalikuwa na heliografu, yaani kioo kilichowekwa juu ya miguu mitatu, kinachonasa jua na kulirusha hadi kilima cha mbali. Mpeleka ishara hukiinamisha na kukiinua ili mwanga umulike na kukatika kwa mpango wa nukta na mistari. Sisi tuliopitia chuo cha kadeti tulionjeshwa sanaa hiyo kwa tochi tu, gizani, na hatukuwa wepisi. Herufi mbili zikigongana, neno zima lilipotea, na mwalimu akaturudisha mwanzo. Kule Kilembe, ambako jua huchelewa kufika bondeni kwa sababu ya milima, watoto hufanya mchezo huo kwa kipande cha kioo kilichovunjika, wakitupiana mwanga kutoka upande mmoja wa mto hadi wa pili. Basi mwanga ulikwisha kujua kubisha hodi. Bell alitaka useme.

Ufunguo ulikuwa madini yaitwayo seleniamu. Mwaka 1873 fundi wa nyaya za chini ya bahari, Mwingereza Willoughby Smith, alitangaza kwamba madini hayo hupitisha umeme kwa urahisi zaidi yakimulikwa, na hupunguza yakiwa gizani. Bell akafikiri hivi: kama mwanga unaoiangukia seleniamu utakuwa ukiongezeka na kupungua kwa kuifuata sauti ya mtu, basi umeme unaopita ndani yake utaongezeka na kupungua vivyo hivyo, na umeme huo ukiingizwa katika simu utarudi kuwa sauti.

Chombo walichokitengeneza walikiita fotofoni. Upande wa msemaji kulikuwa na kioo chembamba sana, chepesi kiasi cha kutikiswa na pumzi. Mwanga wa jua ulielekezwa juu ya uso wake, naye msemaji alinena ndani ya bomba lililofika mgongoni mwake. Sauti ilipokigonga, kioo kilibonyea na kubinuka, na mwanga ulioruka kutoka kwake ukakusanyika au ukatawanyika kwa kadiri hiyo hiyo. Upande wa msikilizaji kulikuwa na kioo kikubwa kilichobonyea kama bakuli, kikiukusanya mwanga huo na kuuelekeza juu ya kipande cha seleniamu kilichofungwa katika njia moja na betri na simu ya sikioni.

Tarehe 19 Februari, 1880, chombo kilinena ndani ya maabara. Bell alimwandikia baba yake barua ya furaha, akimweleza kwamba ameusikia mwali wa jua. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amepata mtoto wa pili wa kike, naye akapendekeza kwa dhati kabisa kwamba mtoto aitwe Fotofoni. Mabel, mwanamke mwenye busara, alikataa; mtoto akaitwa Marian. Miezi michache baadaye Tainter alipanda juu ya paa la shule ya Franklin, Bell akabaki katika dirisha la maabara, mita 213 kutoka pale. Tainter alinena katika mwali, akamtaka Bell, ikiwa anamsikia, aje dirishani na kupunga kofia yake. Kofia ikapungwa.

Tunaomba msomaji asiipite kofia hiyo upesi. Wakati ule haikuwapo redio. Marconi alikuwa mtoto wa miaka sita. Hapakuwa na mtu duniani aliyewahi kuipeleka sauti ya binadamu mahali popote mbali bila ya waya. Bell alilijua hilo, na hadi uzee wake alishikilia kwamba fotofoni ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, kuliko simu.

Ulimwengu haukukubaliana naye. Alipoitangaza mbele ya wanasayansi mjini Boston mwezi Agosti, gazeti moja kubwa la New York lilifanya mzaha kwa kirefu, likitaka kujua kama miali ya jua nayo itatundikwa juu ya nguzo, nguzo hadi nguzo, kama zilivyotundikwa waya za simu. Wasomaji walicheka. Na mzaha ule, tukiacha kejeli yake, uligusa udhaifu halisi. Mwanga wa Bell ulipita hewani, uchi. Wingu likifunika jua, maneno yalikoma. Ukungu ukitanda, yalikoma. Mvua ikinyesha, ndege akipita, jengo likisimama katikati, yalikoma. Mtu yeyote aliyekaa Kasese akaitazama milima ya Rwenzori ikijifunika mawingu kabla ya saa sita mchana anaelewa bila kufundishwa kwa nini mfanyabiashara hakuweka fedha zake katika fotofoni. Waya wa shaba haukujali mvua. Kampuni za simu zikachagua shaba, na kwa miaka mia moja uchaguzi huo ulikuwa sahihi.

Hatuna budi kusema pia yale yasiyompa sifa. Bell alikuwa mtu wa huruma kwa viziwi, na alimsaidia mtoto kipofu na kiziwi, Helen Keller, kumpata mwalimu. Urafiki wao ulidumu hadi kifo. Lakini alishikilia kwa ukaidi kwamba viziwi wote wafundishwe kusema kwa mdomo, akapiga vita lugha yao ya ishara mashuleni, na mwaka 1883 aliwasilisha andiko la kuonya dhidi ya ndoa za viziwi kwa viziwi. Viziwi wengi wa Marekani hawajamsamehe, nasi hatuoni sababu ya kuwaambia wafanye hivyo. Mtu aliyejua kwamba maneno yanaweza kupanda juu ya waya na juu ya mwanga alishindwa kukubali kwamba yanaweza kupanda juu ya mikono.

Miaka iliyobaki aliitumia kwa shughuli nyingi. Rais Garfield alipopigwa risasi mwaka 1881, Bell alitengeneza upesi chombo cha kutafuta chuma mwilini, lakini risasi haikupatikana na Rais akafa. Mwaka huo huo mtoto wake mchanga wa kiume alifariki kwa kushindwa kupumua, na baba akabuni koti la chuma la kumsaidia mtu kuvuta pumzi. Alijenga makao katika kilima cha Beinn Bhreagh, huko Nova Scotia nchini Kanada, na kundi aliloliongoza ndilo lililorusha ndege ya kwanza katika nchi hiyo, mwezi Februari 1909. Mashua yake ya kuteleza juu ya maji ilivunja rekodi ya mwendo mwaka 1919, yeye akiwa na umri wa miaka 72. Alifariki tarehe 2 Agosti, 1922, kutokana na ugonjwa wa kisukari. Wakati wa mazishi yake simu zote za Marekani na Kanada zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Fotofoni haikunyamazishwa kwa kuwa ilikuwa imekwisha kunyamaza. Kilichokosekana kwake hakikuwa mdomo wala sikio. Vyote viwili Bell na Tainter walivikamilisha kwa kanuni: kitu cha kuyaandika maneno juu ya mwanga, na kitu cha kuyasoma kutoka katika mwanga na kuyarudisha katika umeme. Kilichokosekana ni barabara iliyofunikwa. Wakati wa Bell ilikuwa imekwisha kuonyeshwa kwamba mwanga unaweza kufuata mchirizi wa maji uliopinda, lakini kioo cha siku zile kilikuwa kichafu mno. Mwanga uliotiwa ndani ya ufito mrefu ulizimika baada ya hatua chache.

Mwaka 1966 mhandisi Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi nchini Uingereza, pamoja na mwenzake George Hockham, walionyesha kwa hesabu kwamba kosa si la kioo bali la uchafu uliomo ndani yake. Miaka minne baadaye, mwaka 1970, kiwanda cha Corning nchini Marekani kilivuta unyuzi wa kioo safi wa kutosha. Mwaka huo huo zilipatikana leza ndogo sana zinazoweza kuwaka mfululizo katika joto la kawaida la chumba. Barabara na taa vikapatikana pamoja, miaka tisini baada ya kofia ya Bell kupungwa dirishani. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mwezi Julai mwaka huo huo mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ulianza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, na Uganda, ambayo kabla ya hapo ilitegemea setilaiti kwa gharama kubwa, ikapata njia ya kioo kupitia Kenya. Mkongo wa taifa uliotandazwa ndani ya nchi umefika Kasese pia.

Sasa tuingie katika chumba cha mitambo cha siku hizi. Tutakuta sanduku la chuma lenye matundu yaliyopangwa kama sega la nyuki, na katika kila tundu kimechomekwa kipande cha chuma kisichozidi kidole cha mtu mzima. Hiyo ndiyo moduli ya mwanga. Upande wa ndani umegusana na umeme wa mtambo. Upande wa nje umepokea nyuzi za kioo, kwa kawaida mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Ndani yake mna leza iliyo ndogo kuliko punje ya chumvi, nayo ndiyo mdomo. Mna pia dayodi ya kupokea mwanga, nayo ndiyo sikio, mjukuu wa seleniamu. Bila ya kipande hicho kompyuta ya hospitali au ya benki haiwezi kuutumia mkongo hata ukipita mlangoni pake, maana kompyuta inajua umeme peke yake na kioo kinajua mwanga peke yake. Moduli ni mkalimani anayekaa mpakani, kama wale wa soko la Mpondwe, karibu na Bwera, wanaomsikia mnunuzi kwa lugha moja na kumjibu muuzaji kwa nyingine.

Tena mkalimani huyo ana masharti. Mwanga wake hauonekani kwa macho. Urefu wa wimbi lake kwa kawaida ni nanomita 1310 au 1550, na moduli za ncha mbili za unyuzi mmoja lazima zielewane kuhusu wimbi hilo, la sivyo ni kama watu wawili wasio na lugha moja. Ziko zilizotengenezwa kwa kilomita 10, ziko za 40, ziko za 80. Fundi asiyejali akichomeka ile ya kilomita 80 katika njia fupi ya mji mmoja, mwanga mkali unaweza kuliharibu sikio la upande wa pili, kama mtu anayepiga kelele ndani ya sikio la jirani. Njia ya mwanga katikati ya unyuzi ina upana wa maikromita tisa hivi, mara kadhaa chini ya unywele, kwa hiyo chembe moja ya vumbi kwenye ncha yatosha kuukata mji mzima. Ndiyo maana fundi mzuri huifuta ncha kabla ya kuichomeka, na kamwe haichungulii kwa jicho.

Na upungufu wa mwanga njiani hupimwa kwa kipimo kinachoitwa desibeli, ambacho maana yake ni sehemu moja ya kumi ya beli, na beli ni jina la huyu mtu wetu. Unyuzi mzuri wa leo hupoteza desibeli 0.2 hivi kwa kilomita. Maana yake ni kwamba baada ya kilomita 15, umbali unaopita ule wa kutoka Kasese hadi Kilembe, nusu ya mwanga bado iko njiani.

Kuna jambo moja ambalo askari wa ishara ana haki ya kulitabasamia. Fotofoni ilibeba sauti yenyewe, ikipanda na kushuka. Leza nyingi za moduli hazifanyi hivyo. Kazi yake ni kung'aa na kufifia, kung'aa na kufifia, mara bilioni nyingi kwa sekunde, na sauti, picha na fedha hugeuzwa kwanza kuwa hesabu ya alama hizo. Kwa kanuni hiyo moduli ni ndugu wa heliografu kuliko fotofoni. Bell alishinda kwa mdomo na sikio, lakini lugha iliyotumika mwishowe ni ile ya kilimani.

Wako wanaodhani kwamba kioo ndicho kilichoyafunga machimbo ya Kilembe. Si kweli. Uzalishaji ulikufa kwa upungufu wa vipuri, kwa bei ya shaba na kwa matatizo ya nchi ya miaka ile, kabla nyuzi za kioo hazijafika popote karibu nasi. Tena shaba haijapoteza kazi: umeme bado hupita ndani yake, na hata moduli yenyewe hupata nguvu kwa njia za shaba. Kilichobadilika ni kwamba maneno yamehama. Wezi wa waya peke yao ndio hawajapata habari hiyo. Hukata mkongo usiku wakitafuta shaba, wakakuta kioo kisichokuwa na mnunuzi, na watu wa mji mzima wakaamka hawana mawasiliano.

Zaidi ya hayo, fotofoni yenyewe imeanza kurudi, uchi kama alivyoiacha Bell. Mwaka 2021, katika mpango uitwao Taara, miali ya mwanga ilielekezwa juu ya mto Kongo kutoka Brazzaville hadi Kinshasa, kilomita karibu tano, mahali ambapo kuzungusha mkongo ni safari ndefu na ya gharama. Vioo vinavyojirekebisha vyenyewe viliushika mwali huo, nao ukabeba habari kwa kadiri ya gigabiti 20 kwa sekunde. Sisi tunaikumbuka Nyamwamba tunaposoma habari hizo. Mwezi Mei 2013 mto huo ulifurika ukaangamiza nyumba na madaraja ya Kilembe, na mwezi Mei 2020 ukarudi na kuivunja hospitali. Daraja likienda, waya uliofungwa darajani huenda nalo, uwe wa shaba au wa kioo. Mwali ulioelekezwa kutoka ng'ambo moja hadi nyingine hauhitaji daraja.

Ukungu tu ndio unaobaki kuwa adui wake, kama ilivyokuwa Washington mwaka 1880. Mafundi wa miali hiyo huchagua miji yenye anga kavu, na huweka njia ya pili ya redio kwa saa zile ambazo wingu limeshuka. Kilembe wingu hushuka karibu kila siku, na yeyote atakayesimika kioo chake pale itampasa kwanza kuhesabu saa ngapi kwa siku ng'ambo ya pili ya mto inaonekana.